Gari la Kuunda Nyumbani

Nilipokwenda Leicester, Uingereza, kumjulia hali mpwa wangu, sikumkuta sebuleni. Nilimkuta bandani, amelala chini ya fremu ya chuma, mikono imejaa grisi. "Shikamoo, mjomba," akaniamkia kutoka huko huko chini. "Hebu nipe spana hiyo."

Msomaji mpenzi, sisi tumezoea gari kununuliwa zima. Waingereza wana desturi ya kununua vipande, mtu akajiundia mwenyewe nyumbani. Desturi hiyo ilipata nguvu mwaka 1957, Colin Chapman alipoitoa Lotus Seven. Zama hizo serikali ilitoza kodi ya ununuzi kwa gari lililokamilika, si kwa vipande, basi mwenye spana na subira alijiokolea fedha. Mwaka 1973 ilipokuja kodi ya VAT, nafuu ile ikaondoka. Watu hawakuondoka.

Mpwa wangu alinunua Mazda MX-5 kuukuu, akaichinja kama mbuzi: injini huku, giaboksi kule, breki kando. Miaka miwili akaunga kila mwisho wa juma. Marehemu shemeji yangu, babake, alikuwa fundi wa majahazi, tezo mkononi na vipimo vyote kichwani. Mwanawe hushinda ofisini akijumlisha hesabu za watu. "Mjomba," aliniambia, "tangu nije huku sijafanya kazi nikaishika kwa mkono."

Ama gari la namna hii haliingii barabarani mpaka lipite ukaguzi uitwao IVA, ulioanza kutumika kwa magari haya mwaka 2009. Hutazamwa breki, usukani, mikanda, taa, vioo, moshi, hata kelele. Lakini lililomnyima usingizi ni ncha. Huchukuliwa tufe lenye kipenyo cha milimita 100, na takriban kila ukingo wa nje ambao tufe hilo laweza kuugusa sharti uwe umeviringwa, nusu-kipenyo chake kisipungue milimita 2.5, asije mpita njia akachanika.

Usiku wa kuamkia ukaguzi tulikesha. Yeye alizungushia kingo mpira, mimi nikapewa fungu la nyuma, kuzivisha nati vikofia vya plastiki. Maisha yangu nimehesabu mizani ya mashairi. Usiku ule nilihesabu nati, na wallahi mizani ni rahisi zaidi.

Asubuhi tukasoma Fatiha, gari likapandishwa juu ya trela. Mkaguzi alikuwa mtu mzima, mpole, asiyecheka. Alilizunguka kwa saa nyingi, akainama, akapapasa kwa kidole kama mwalimu wa chuo afuatishaye aya kwenye ubao. Kisha akatoa karatasi. Limeanguka kwa mambo mawili: kioo cha kushoto hakikukaa sawa, na nati moja nyuma ya taa ilikuwa tupu.

Nati ile ilikuwa fungu langu. Mpwa wangu aliisoma karatasi, akaikunja, wala hakunitazama. Njia nzima ya kurudi hatukusema.

Nilikuwa nimekwisharejea Mombasa simu ilipolia. "Mjomba, limepita! Nati yako nimeivisha vikofia viwili."