Uzamili wa uchumi wa fedha: Hesabu ya kupigwa kabla ya karo kulipwa

WAHENGA walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa miaka na mikaka, wenye maduka wa Kaloleni, Shauri Moyo na Jericho wameifuata nasaha hiyo kwa kalamu na kitabu cha madeni kinachowekwa chini ya meza.

Siku hizi watoto na wajukuu wa wafanyabiashara hao wanatafuta daftari pana zaidi, nalo ni shahada ya uzamili katika uchumi wa fedha. Inapogonga saa kumi na moja jioni na matatu kuanza kujaa abiria wa Buruburu, Donholm, Umoja na Kayole, baadhi ya wafanyakazi hawaelekei nyumbani. Huelekea darasani.

Mlango huo wa masomo ya jioni ulifunguka hasa mnamo 1998, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanzisha mpango wa wanafunzi wanaojilipia karo. Tangu wakati huo, karani wa benki au mwalimu wa sekondari amekuwa na uwezo wa kusoma bila kuacha kazi.

Hata hivyo, karo hiyo mara nyingi hutoka kwenye mkopo wa ushirika, akiba ya chama au ploti iliyouzwa na mzazi. Swali ambalo familia nyingi hujiuliza, aghalabu baada ya fedha kwisha kulipwa, ni je, shahada hii hufunza nini, na je, hurudisha gharama yake?

Si uhasibu

Wengi mitaani hudhani kwamba somo hili ni uhasibu wa ngazi ya juu. Dhana hiyo hutokana na umaarufu wa mitihani ya uhasibu ya CPA, inayosimamiwa na bodi ya KASNEB iliyoundwa mwaka wa 1969.

Tofauti yake ni kubwa. Mhasibu huandika na kukagua yaliyokwisha kutendeka: fedha ngapi ziliingia, ngapi zikatoka na zilikwenda wapi. Mwanauchumi wa fedha hutazama mbele. Huuliza shilingi itakayopatikana kesho ina thamani gani leo, na mtu anastahili kulipwa kiasi gani kwa kukubali hatari ya kutoipata kabisa.

Nchini Kenya elimu hii hutolewa kwa majina mbalimbali. Kuna uzamili wa uchumi ambapo mwanafunzi huchagua masuala ya fedha kuwa eneo lake la ubobezi, na kuna uzamili wa fedha unaofunzwa katika vitivo vya biashara. Anayejiandikisha anapaswa kusoma orodha ya kozi, si jina la shahada pekee.

Kwa kawaida masomo huchukua miaka miwili. Mwaka wa kwanza ni wa darasani: nadharia ya uchumi, hisabati, takwimu na ekonometriki, yaani mbinu za kupima uhusiano wa mambo ya uchumi kwa kutumia data. Baadaye huja kozi za masoko ya mitaji, benki na uwekezaji. Mwaka wa pili huwa wa utafiti na tasnifu.

Kikwazo cha kwanza ni hisabati. Aliyehitimu shahada ya kwanza ya biashara miaka minane iliyopita, na ambaye tangu hapo hajagusa kalkulasi wala aljebra ya matriki, hujikuta ameachwa nyuma katika wiki za mwanzo. Ni heri kuyarejelea masomo hayo miezi kadhaa kabla ya kujisajili.

Nadharia zinazoishi mitaani

Ingawa vitabu vya somo hili hujaa alama za hisabati, mawazo yake makuu si mageni kwa mkazi wa Eastlands.

Wazo la kwanza ni la mtawanyo wa mali. Mwaka wa 1952, Harry Markowitz wa Marekani alionyesha kwamba wingi wa mali pekee hautoshi kumkinga mtu na hatari. Muhimu ni iwapo mali hizo huanguka kwa pamoja au la. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1990, pamoja na Merton Miller na William Sharpe.

Mfanyabiashara wa Kayole mwenye duka, matatu na vyumba vya kupangisha katika barabara moja huenda akajiona salama kwa kuwa ana vitega uchumi vitatu. Barabara hiyo ikifungwa kwa ukarabati, wateja wa duka hupungua, matatu hukosa njia na wapangaji huhama. Kwa mizani ya Markowitz, mtu huyo ana kitega uchumi kimoja chenye sura tatu.

Wazo la pili lina mizizi Nairobi kwenyewe. Kati ya 1969 na 1971, Joseph Stiglitz, wakati huo mwanauchumi kijana kutoka Marekani, alikuwa mtafiti katika Taasisi ya Masomo ya Maendeleo jijini humo. Mwaka wa 2001 alishinda Tuzo ya Nobel pamoja na George Akerlof na Michael Spence kwa utafiti kuhusu masoko ambamo upande mmoja unajua mengi kuliko mwingine.

Katika makala aliyoandika na Andrew Weiss mwaka wa 1981, Stiglitz alieleza kwa nini benki humnyima mtu mkopo hata anapokuwa tayari kulipa riba kubwa. Riba inapopandishwa, wakopaji waangalifu hujiondoa na kubaki wale wanaothubutu miradi ya hatari. Benki isiyoweza kuwatenganisha huona afadhali iwanyime wote.

Hapo ndipo ilipo siri ya chama. Wanawake wa mtaa mmoja wa Dandora wanaochangishana kila wiki hawahitaji hatimiliki ya ardhi ili kukopeshana. Wanajuana. Kila mmoja anajua ni nani hulipa deni kwa wakati na ni nani hukwepa, habari ambazo benki ingelazimika kugharamika kuzipata.

Kenya yenyewe iliijaribu nadharia hiyo. Kuanzia Septemba 2016, sheria iliwekea riba ya mikopo ya benki kikomo cha pointi nne juu ya kiwango cha Benki Kuu. Lengo lilikuwa kumpunguzia mwananchi mzigo. Benki, zikiwa haziwezi tena kutoza kulingana na hatari, ziliwapunguzia mikopo wafanyabiashara wadogo na kupendelea kuikopesha serikali. Kikomo hicho kiliondolewa Novemba 2019.

Funzo la hisa

Tukio jingine linalokumbukwa mitaani ni uuzaji wa hisa za Safaricom mwaka wa 2008. Serikali iliuza hisa bilioni 10, sawa na asilimia 25 ya kampuni hiyo, kwa Sh5 kila moja. Watu walipiga foleni, na baadhi yao walichukua mikopo ya benki ili kununua.

Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo mara kadhaa, hivyo wengi walipewa sehemu ndogo tu ya walizoomba. Hisa zilianza kuuzwa sokoni Juni 2008 kwa bei iliyopita Sh5, lakini kabla ya mwaka kwisha zilikuwa zimeshuka chini ya kiwango hicho. Aliyesubiri zaidi aliona bei ikipita Sh40 mwaka wa 2021, kabla ya kuporomoka tena.

Masomo haya hayamwezeshi mtu kutabiri bei hizo. Eugene Fama, aliyetuzwa Nobel mwaka wa 2013, alijenga jina lake kwa kueleza ugumu wa kulishinda soko, kwa kuwa habari zinazojulikana huwa tayari zimo ndani ya bei. Somo linalofunzwa ni jingine: kukopa kwa riba inayojulikana ili kununua faida isiyojulikana ni kujibebesha hatari mara mbili.

Anayetafuta shahada hii kwa matumaini ya kujua siri ya utajiri wa haraka atavunjika moyo. Faida yake kwa mtaa ni kinyume cha hayo. Aliyeielewa angeitambua upesi hila ya miradi ya kuzidisha pesa iliyowapora Wakenya wengi akiba zao karibu mwaka wa 2006 na 2007.

Hesabu ya mwanafunzi

La kushangaza ni kwamba wengi husoma nadharia hizo zote bila kuzitumia kupima uamuzi wao wenyewe. Mfano wa kubuni unaweza kulifafanua jambo hili.

Mkazi wa Umoja anakusudia kulipa karo ya Sh400,000, nusu leo na nusu baada ya mwaka mmoja. Anatarajia kuhitimu baada ya miaka miwili na kupata nyongeza ya mshahara ya Sh10,000 kwa mwezi, yaani Sh120,000 kwa mwaka. Kwa hesabu ya haraka, ataona kwamba karo itakuwa imerudi baada ya miaka mitatu na miezi minne ya nyongeza hiyo.

Lakini fedha hizo zina gharama. Akikopa kutoka chama cha ushirika kwa riba ya asilimia 1 kila mwezi kwa salio la deni, hiyo ni takriban asilimia 12 kwa mwaka. Kwa kiwango hicho, Sh112 za mwaka ujao ni sawa na Sh100 za leo. Nyongeza ya kwanza ya Sh120,000, itakayokamilika mwishoni mwa mwaka wa tatu, ina thamani ya takriban Sh85,400 tu leo.

Akizipima karo na nyongeza zote kwa mizani hiyo moja, atagundua kwamba hata miaka mitano ya nyongeza haitoshi kurudisha gharama. Itamlazimu kufika mwaka wa sita wa nyongeza, ambao ni wa nane tangu alipoanza masomo.

Je, tasnifu ikichelewa mwaka mmoja? Kwa hesabu hiyo hiyo, atahitaji miaka saba ya nyongeza, na gharama itarudi katika mwaka wa kumi. Kuchelewa kwa mwaka mmoja kumemgharimu miwili.

Hesabu hii haimaanishi kwamba shahada haifai. Anayepandishwa cheo, au anayepata kazi katika Benki Kuu, wizara au kampuni ya uwekezaji, huenda akarudisha gharama mapema zaidi. Inachoonyesha ni kwamba hatari kubwa ya mwanafunzi anayefanya kazi haimo katika mtihani. Imo katika tasnifu inayobaki kabatini baada ya kozi kukamilika.

Data iliyo mlangoni

Njia moja ya kuepuka mtego huo ni kuchagua mada ambayo data yake iko karibu. Kwa hilo, mkazi wa Eastlands ana bahati.

Dandora ilijengwa kuanzia miaka ya 1970 kwa mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ambapo familia ziligawiwa ploti zenye huduma za msingi ili zijijengee polepole. Wengi walijenga vyumba vya kupangisha. Namna kodi ilivyogeuka kuwa mtaji ni swali linaloweza kutafitiwa kwa mwendo wa miguu.

M-Pesa, iliyoanzishwa Machi 2007, ni mfano mwingine. Mwaka wa 2016, Tavneet Suri na William Jack walichapisha katika jarida la Science utafiti uliokadiria kwamba huduma hiyo iliondoa asilimia 2 ya familia za Kenya katika umaskini. Watafiti hao walifanya kazi katika vyuo vya Marekani, ilhali waliotumia huduma yenyewe ni akina mama mboga na mafundi wa mitaa kama Kariobangi na Huruma.

Pa kusomea pia pana uzito wake, hasa kwa anayeishi chumba kimoja na familia. Maktaba za Kaloleni na Makadara, ambazo ni matawi ya McMillan iliyofunguliwa katikati ya jiji mwaka wa 1931, zilikarabatiwa katika miaka ya karibuni kwa juhudi za shirika la Book Bunk. Buruburu nako kuna tawi la maktaba ya kitaifa.

Kuhusu ufadhili, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), iliyoundwa mwaka wa 1995, imekuwa ikiwasaidia pia wanafunzi wa uzamili. Shirika la utafiti wa uchumi barani Afrika (AERC), lenye makao yake Nairobi tangu 1988, lilianzisha mwaka wa 1993 mpango wa pamoja wa uzamili unaovishirikisha vyuo vikuu vya nchi mbalimbali. Kwa miaka mingi, wanafunzi wa mpango huo walikutana kwa kozi za hiari, ikiwemo ya fedha na uwekezaji, katika chuo cha Benki Kuu kilicho kando ya barabara ya Thika, karibu na Mathare North.

Yaani wachumi chipukizi walisafiri kutoka pembe nyingi za Afrika kuja kusomea jirani na mitaa hii, huku vijana wengi wa Mathare na Huruma wakipita nje ya lango bila kujua kinachofunzwa ndani.

Kwa hivyo, kabla ya kutia saini fomu ya mkopo, mwombaji anafaa kuandika mambo manne kwenye karatasi: karo yote, riba ya fedha atakazotumia, nyongeza anayoweza kuitarajia bila kujidanganya, na mada ya tasnifu yake. Akishindwa kuyajaza yote manne, asubiri mwaka mmoja huku akirejelea hisabati. Kusubiri huko hakutozwi riba.