Batoto biko na njala, kitabu cha nini?



Jumamosi moja tulikuwa wanne tuliomaliza inivasite, tumekaa na watoto karibu ishirini kwenye kivuli cha nyumba ya mbao kule Ndosho. Mkononi nilikuwa na kitabu cha picha, kitabu kizuri kweli, karatasi nzito, rangi za kung'aa. Kazi yake ilikuwa kufundisha watoto chakula bora. Kwenye ukurasa wa tatu mtoto amekaa mezani asubuhi: yai, pome nyekundu, mkate wenye siagi, glasi ya maziwa. Nikasoma kwa sauti. Kijana wa miaka saba hivi akauliza: «Ile njo banauzisha wapi?» Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka, alikuwa anauliza kweli. Na mama mwenye nyumba, aliyekuwa anachagua maharagi pembeni, akasema bila kuinua kichwa: «Batoto biko na njala, na nyinyi munabaletea bitabu. Bitabu banakula?»

Siku ile sikuwa na jibu. Nilisoma agronomi, najua azoti, najua udongo wa volkeno, nina lisansi yangu kwenye bahasha nyumbani, lakini swali la mama yule halikuwa katika kozi yoyote. Nimelitafuta polepole tangu wakati ule. Ninaandika hapa nilichopata, kwa sababu wengi wetu tunapenda kufanya kitu na watoto wa kartie zetu, na mara nyingi tunaanza vibaya kama nilivyoanza mimi.

Kwanza, mama alikuwa na haki ya kukasirika. Katika uchunguzi wa taifa wa 2013-2014 (ule wa EDS), watoto 43 kwa 100 wenye umri chini ya miaka 5 katika Kongo nzima walikuwa wamedumaa, ni kusema urefu wao ulikuwa chini sana kuliko umri wao unavyodai. Kivu yetu, yenye mvua na udongo ambao nchi nyingine wanauota, ilikuwa juu ya hesabu hiyo ya taifa. Kudumaa hakupigi kelele. Unaona mtoto wa miaka mitano, unafikiri ana mitatu, basi, unapita.

Inayoonekana ni bwaki. Miguu inavimba, nywele zinakuwa kama kutu, na mtu asiyejua anaweza kusema mtoto amenenepa. Madaktari wanaiita kwashiorkor, neno la Kiga cha Ghana ambalo Cicely Williams, daktari aliyezaliwa Jamaika, aliliingiza katika vitabu vya udaktari miaka ya 1930. Maana waliyompa ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa kwenye kifua cha mama kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Angalia neno hilo vizuri. Ndani yake kuna chakula kilichokosekana, lakini pia kuna mtoto aliyepoteza nafasi yake kwenye mapaja ya mama. Na aliyewahi kuona mtoto wa bwaki anajua: hachezi, hacheki, ukimgusa anakasirika, analia kidogo kidogo bila kuacha. Huzuni ni sehemu ya ugonjwa wenyewe.

Ndiyo maana kanuni za OMS za kutunza mtoto mwenye utapiamlo mkali, zenye hatua 10, haziishi kwenye maziwa na dawa. Hatua ya kwanza ni sukari ya damu, ya pili ni baridi ya mwili, zinafuata nyingine, halafu ya 9 inasema mtoto achezeshwe, aongeleshwe, apewe upendo. Iko pale pale kwenye orodha ya matibabu, si pembeni.

Mfano uliobadilisha mawazo yangu unatoka mbali, Kingston, mji mkuu wa hiyo hiyo Jamaika. Mwaka 1986 na 1987 watafiti walioongozwa na Sally Grantham-McGregor walichukua watoto 129 waliodumaa, wa miezi 9 mpaka 24, wote wa mitaa maskini. Wengine walipewa maziwa ya unga kila wiki. Wengine walitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya wa kartie, saa moja kwa wiki, kwa miaka miwili: anamfundisha mama namna ya kucheza na mtoto, kumwongelesha, kumwonyesha vitu na kuvitaja, kwa kutumia michezo iliyotengenezwa kwa mikono. Wengine walipata vyote viwili, wengine hawakupata chochote. Mwisho wa miaka miwili, maziwa yalikuwa yamesaidia akili, mchezo ulikuwa umesaidia, na waliopata vyote viwili walikuwa mbele ya wote. Lakini miaka 20 hivi baadaye, walipotafutwa tena wakiwa watu wazima, waliochezeshwa walikuwa wanapata mapato yaliyozidi kwa asilimia 25 yale ya wenzao ambao hawakuchezeshwa. Maziwa peke yake hayakuacha alama hiyo.

Sisemi kwamba chakula si kitu. Mtu wa agronomi akisema hivyo arudishe diplome. Ninasema kwamba ile «kwanza tumbo, halafu kitabu» tuliyozoea si kweli kwa mtoto mdogo. Kwake vinaingia pamoja. Na kitabu cha picha, kikiwa katikati ya mtoto na mtu anayempenda, kiko upande wa ule mchezo wa Kingston.

Sasa, kwa nini kitabu changu cha Ndosho kilianguka? Wengine wa kundi letu walisema ni lugha, wengine walisema ni bei ya vitu vilivyochorwa. Mimi naona ni aibu. Mtoto anaambiwa chakula bora ni yai, maziwa na pome. Anarudi nyumbani, anaangalia sahani yake, anakuta bugali na maharagi. Amejifunza nini? Kwamba mama yake anamlisha vibaya. Kitabu kimemfundisha kumdharau mama, na mama aliyekuwa anachagua maharagi pembeni alisikia hivyo kabla yetu.

Na uongo wenyewe ni wa kisayansi, ndipo hasira yangu inapopanda. Protini ya mwili inatungwa kama msichana anavyotunga shanga. Mfuatano wa rangi umeshapangwa: nyekundu, nyeupe, bluu, nyekundu. Shanga ya bluu ikiisha, kazi inasimama, hata kama zile nyekundu zimejaa kikombe. Mahindi yana uchache wa shanga moja inayoitwa lizini. Maharagi yanayo kwa wingi. Maharagi nayo yana uchache wa metionini, na hapo mahindi yanayasaidia. Kwa hiyo bugali ya mahindi na maharagi ni ndoa nzuri sana, bibi zetu waliifunga bila laboratuari. Shida inaanza pale bugali inapokuwa ya muhogo peke yake siku nenda siku rudi, kwa sababu muhogo karibu wote ni wanga. Haya yote mtoto wa miaka saba anayaelewa. Nilijaribu na shanga za kweli, na mkufu uliokwama mikononi mwao uliwauma kuliko maneno yangu yote. Msichana mmoja alitaka kuiba shanga ya bluu kwa jirani ili mkufu uishe. Nikamwambia hapo ndipo maharagi yanapoingia.

Ukianza kwenye sahani ya nyumbani, kurasa zinajaa zenyewe. Ile rangi nyekundu ya mawese ndiyo mwili unayoigeuza kuwa vitamini A, ya macho na ya kupambana na magonjwa. Nyumba nyingi tunaunguza mawese mpaka moshi utoke na mafuta yawe meupe, kwa sababu ya ladha. Rangi ikiondoka, vitamini imeondoka nayo. Mtoto anaweza kukaa karibu na mama akawa mlinzi wa rangi, kazi ambayo hata asiyejua kusoma anaiweza. Chai iliyokunywewa pamoja na maharagi inazuia chuma chake kuingia mwilini. Ndimu kidogo inakisaidia kuingia. Sambaza analiwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo mtoto anakula kalsiamu bila kujua jina lake. Na hadithi ya sambaza yenyewe ni ya watoto: mwishoni mwa miaka ya 1950 walileta kutoka Tanganyika samaki wadogo wa aina mbili kuwatia katika ziwa letu la Kivu, aina moja ikashindwa, nyingine ikazoea mpaka leo tunamwita wetu. Hakuna hata kimoja katika haya kinachomwomba mama pesa mpya.

Ningeongeza ukurasa juu ya ule mkanda wa rangi tatu wanaomfunga mtoto mkononi. Waliopita Kanyaruchinya au Bulengo, kabla kambi hazijavunjwa mwanzoni mwa 2025, wanaujua sana. Chini ya milimita 115 ni nyekundu, kutoka 125 kwenda juu ni kijani, katikati ni njano. Watoto wakubwa waliona wadogo zao wanapimwa, rangi inatajwa, mama anainama. Hakuna aliyewaeleza kitu.

Upande wa moyo ni mgumu zaidi. Mfano mzuri ninaoujua ni wa wakati wa korona. Mwezi wa 4 mwaka 2020 kilitoka kitabu cha Helen Patuck, kwa Kifaransa Mon héroïne, c'est toi, kilichoandaliwa na mashirika ya kimataifa ya msaada wa kisaikolojia. Kabla ya kuandika waliuliza watoto, wazazi na walimu zaidi ya 1,700 wa nchi mbalimbali wanaogopa nini na wanajituliza namna gani. Baadaye kikatafsiriwa kwa lugha zaidi ya 100, na Kiswahili ndani yake. Kina Sara, kina mnyama wa ajabu anayeitwa Ario, na kina mahali ambapo mtoto anafikiri sehemu anayojisikia salama. Mimi ninachokipenda ni ile kazi ya kuuliza kwanza.

Tulipouliza sisi, tuligundua kitu kuhusu lugha. Vitabu vya Kiswahili vinavyotufikia vinasema wasiwasi, huzuni, hofu. Maneno mazuri, lakini watoto wetu hawajisikii humo. Wao wanasema: «Moyo inanipiga.» «Tumbo inafungana.» «Kichwa inanizunguka na usingizi haikuye.» Woga kwao unakaa mwilini, una anwani. Kitabu kikisema «nina wasiwasi», mtoto wa Ndosho anajifunza neno la mtihani. Kikisema «moyo inanipiga», anasema: eeh, hata miye. Na sheria haitukatazi: sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inakubali lugha za taifa na lugha za mazingira katika kufundisha. Waalimu wengi bado wanaona haya kuandika Kiswahili cha kwetu ubaoni, lakini hilo ni jambo la siku nyingine.

Hata zoezi la kupumua lilibidi liletwe nyumbani. Vitabu vinasema mtoto afikirie anazima mishumaa ya keki. Keki gani? Sisi tunawaambia: makala ya babula inataka kuzimika, vuta pumzi, puliza polepole, ukipuliza kwa nguvu majivu yanakuingia machoni. Wanapuliza polepole bila kufundishwa mara mbili.

Kwa anayetaka kuanza: African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini, una hadithi nyingi za watoto kwenye intaneti, na leseni yake ni huru. Unaweza kuzishusha, kubadilisha maneno, kuzichapisha. Ng'ambo ya mpaka, Éditions Bakame walianza kutoa vitabu vya watoto kwa Kinyarwanda mwaka 1995, mwaka mmoja tu baada ya mauaji ya kimbari, wakati kila mtu angeweza kusema sasa si wakati wa hadithi. Najua siku hizi kutaja mpaka ule kunachoma. Ninakitaja kwa sababu ya mwaka.

Kitabu chetu kina kurasa 16. Kimechorwa kwa penseli, bado tunatafuta mtu wa kupaka rangi ambaye aliwahi kuona babula kwa macho yake. Kurasa 15 zimekwisha. Iliyotushinda muda mrefu ni ya 9, ya usiku wa risasi. Watoto hawa wote walikuwa Goma mwisho wa Januari 2025, hatuwezi kujifanya kwamba usiku ule haukuwako. Katika mchoro mama na watoto wamelala chini, mbali na dirisha. Mama anasema nini? Mwenzangu mmoja aliandika: «Musiogope, hakuna kitu itatufikia.» Tulipoisoma Ndosho, watoto walinyamaza. Halafu kijana yule yule wa pome akasema huo ni uongo, mama yake alisema hivyo na mabati yao yakatobolewa. Tukawauliza basi aseme nini. Msichana mmoja alitaka mama aombe. Mwingine alitaka aimbe, lakini kidogo kidogo. Kijana akafikiri, akasema: «Aseme, niko hapa, mushike nguo yangu.»

Mama wa maharagi, safari hii, aliinua kichwa. Tuliandika maneno ya kijana, na kwenye mchoro tukaongeza kitenge cha mama na mikono mitatu midogo imekishika.