"Lipa Kodi Kwanza, Ndipo Utoe": Wizi wa Sarafu za Mtandaoni Ulivyofika kwa Ndugu Zetu

Sisi wa Bukoba na Muleba tulio ughaibuni tunaufahamu ujumbe huu: "Hela yangu naiona kwenye akaunti, ila hawanitolei mpaka nilipe kodi. Nisaidie kidogo." Anayeandika hivyo huitwa mlafi, na neno hilo linaniudhi.

Utapeli huu wa sarafu za mtandaoni una historia. OneCoin ya Ruja Ignatova ilianza 2014 huko Bulgaria, ikiuza "sarafu" ambazo bei yake ilipangwa na kampuni yenyewe. Ignatova alitoweka Oktoba 2017. Marekani inasema watu walipoteza zaidi ya dola bilioni 4. Mawakala wake walifika mpaka vijiji vya Uganda, ng'ambo tu ya mpaka wa Mutukula. Desemba 2019, kampuni ya Dunamiscoins nayo ikafunga ofisi Kampala na kuwaacha wateja mlangoni.

Kinachonasa watu ni malipo ya mwanzo, maana huja kweli. Wa kwanza hulipwa kwa hela ya wa pili, anaitoa kwenye simu, ananunua bati, na majirani wanaona. Shahidi ni shemeji, ni mwalimu, ni mwanakwaya mwenzako. Nani asingeamini? Wapya wakipungua, kutoa hela kunakwama: mara mfumo unaboreshwa, mara kuna ada, mwisho kodi.

Hiyo kodi ndiyo inayoniuma zaidi. Sheria ya Fedha ya Tanzania ya 2024 kweli iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali, kwa hiyo tapeli ana pa kushikia. Lakini kodi ya zuio hukatwa na anayelipa, ndani ya malipo yenyewe. Anayekutaka utume hela mpya kwenye namba ya simu anakuibia mara ya pili.

Mkulima aliyeuza kahawa yake kwa butura, ingali mtini, amepunjwa, ila mnunuzi anamjua. Hapa anayejulikana ni shemeji tu, naye kaliwa vilevile. Hasira inaishia ndani ya ukoo. Tena Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kwamba biashara ya sarafu hizi inakiuka kanuni za fedha za kigeni. Aliyeibiwa anaona kwenda polisi ni kujishtaki.

Ndugu akikuandikia, usitume hiyo "kodi". Mwambie leo hii ahifadhi jumbe za miamala, namba alizotumia hela na mazungumzo ya kundi la WhatsApp, kabla wenye kundi hawajalifuta.