Ukungu na Utusitusi wa Moshi

Mkaazi wa Mazinde, chini ya milima ya Usambara, aonapo weupe umetanda bondeni aweza kuuita “ukungu”. Lakini ukungu ni matone ya maji. Moshi wa nyika iunguayo ni chembe kavu hasa. Setilaiti za Terra na Aqua, zilizorushwa mwaka 1999 na 2002, zilitambua joto la moto. Picha zake za asubuhi na alasiri, zikilinganishwa, huonyesha upepo ulikoupeleka moshi. Tukiviita vyote “ukungu”, mkulima atatarajia unyevu, na mwenye pumu hatajihadhari. Hivyo twapendekeza “ukungu” libaki neno la maji. Chembe zitokazo motoni au viwandani ziitwe “utusitusi wa moshi”. Twakaribisha maoni ya wasomaji.