El Niño Si Jina la Mvua

Mnamo Oktoba 2023, jirani yangu hapa Kinoo, bibi aliyekula chumvi nyingi, alinisimamisha penye ua wa michongoma unaotenganisha viwanja vyetu.

"Mwalimu," akaniuliza, "ile El Niño si imefutwa?"

Alikuwa amesikia redioni kwamba El Niño iliyohofiwa haingekuja tena. Nami, nikiwa na haraka ya kuwahi darasa, nikamjibu, "Ndivyo wasemavyo, Cucu." Akapanda maharagwe yake chini bondeni. Novemba mvua ikayagharikisha yote. Msimu huo mafuriko yaliwaua zaidi ya watu 100 nchini Kenya.

Nimejilaumu tangu hapo, kwa kuwa swali lake lilikuwa la lugha, na lugha ndiyo kazi yangu.

Kwa wanasayansi, El Niño ni kuongezeka kwa joto la maji ya Bahari ya Pasifiki karibu na ikweta. Jina lilianza kwa wavuvi wa Peru, ambao waliona mkondo wa maji ya joto ukiwafikia karibu na Krismasi, wakauita "Mtoto", yaani Mtoto Yesu. Kwetu sisi, neno hilo lilienea vinywani pamoja na mafuriko ya 1997, likawa jina la gharika yenyewe. Mtaalamu anapotaja bahari, msikilizaji huona daraja likisombwa.

Kutoelewana huku kuna gharama. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa na nguvu nyingi, lakini gharika ya 1997 haikurudi, na wengi wakalalamika kwamba wamedanganywa. Mwaka 2019, bila El Niño ya kutisha, mvua za vuli zilipita kiasi, kwa sababu Bahari Hindi ilipata joto jingi upande wetu kuliko upande wa mashariki. Mwaka 2023 mambo hayo mawili yalikutana. Bahari haifutwi kwa tangazo.

Neno "utabiri" nalo lina lawama yake. Tunalitumia kwa mpiga ramli na kwa mtaalamu wa hali ya hewa vilevile. Mpiga ramli huahidi. Mtaalamu hupima uwezekano wa mvua kuwa juu ya wastani, karibu na wastani, au chini yake. Mkulima anayetajiwa asilimia 50 husikia ahadi, na isipotimia humwita mtaalamu mwongo.

Wazee wa Kiambu waliita mvua za Machi hadi Mei mbura ya njahĩ, na zile za Oktoba hadi Desemba mbura ya mwere. Jina la msimu lilikuwa pia jina la mmea, njahi au uwele, na kwa hiyo lilimwelekeza mtu la kufanya. "Juu ya wastani" haimwelekezi mtu popote. Sisemi turudi kwa wazee. Uwele wenyewe sijauona Kinoo kwa miaka mingi. Nasema taarifa ya hali ya hewa haijakamilika mpaka mkulima ajue la kufanya kesho.

Hapo ndipo walimu na wanafunzi wanapohitajika. Mwanafunzi afundishwe kuuliza: mvua itaanza lini, itakoma lini, na itagawanyikaje katikati? Msimu unaweza kufikia wastani kwa wiki mbili za mafuriko, kisha mahindi yakanyauka. Afundishwe pia kwamba milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita mraba. Akifika nyumbani, awafasirie wazazi wake taarifa hiyo kwa lugha ya jembe. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Siku hizi dalili nyingine ziko katika bahari za mbali, na anayezisoma hana budi kuwasomea wengine.

Machi 2024 Cucu aliniita tena pale pale uani. Safari hii niliuweka mkoba chini. Nikamweleza kwamba uwezekano wa mvua kubwa ulikuwa mwingi, ingawa hakuna aliyeweza kuapa. Alichimba mfereji, akapanda maharagwe mteremkoni. Aprili mafuriko yaliporudi, bonde lilijaa maji, maharagwe yalisalimika.