Kuachana, Kuyumba na Kuchelewa: Maradhi ya Mapigo Studioni

Mwanamuziki anayekodi studio mjini Nakuru hulipia muda. Sikwensa na mashine ya ngoma zisipopatana, hasara ni yake. Ni muhimu basi kuutambua ugonjwa kabla ya kuutibu.

Wa kwanza ni kuachana. Mashine huanza pamoja, kisha pengo likapanuka. Hapa kila moja inafuata saa yake ya ndani, na mafahali wawili hawakai zizi moja. Mfumo wa MIDI, uliozinduliwa mwaka wa 1983, hutuma ishara 24 za saa kwa kila pigo la robo noti. Sharti sikwensa izitume, nayo mashine ya ngoma iwekwe ifuate saa ya nje.

Wa pili ni kuyumba: mapigo huwahi na kukawia ovyo. Aghalabu waya umeelemewa, kwani hupitisha biti 31,250 tu kwa sekunde. Saa ipewe waya wake pekee.

Wa tatu ni kuchelewa kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho. Kasi ni sawa. Sauti ndiyo inayokawia kutoka. Tiba yake ni kuirudisha nyuma sauti hiyo baada ya kurekodiwa.

Anayetofautisha vitenzi hivi vitatu huokoa muda, na pesa za mwimbaji.