Uzamivu wa Masafa na Neno "Uongozi": Mfano wa Rungwe

Makusudi ya makala haya ni kueleza jambo ambalo huonekana kuwa la wataalamu wa elimu peke yao, hali sehemu yake kubwa ni ya wanalugha. Jambo lenyewe ni masomo ya shahada ya uzamivu katika uongozi wa elimu, yasomwayo kwa njia ya mtandao na mtu asiyeacha kazi yake wala nyumba yake. Mfano nimeuchukua Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe. Mwalimu mkuu mmoja wa shule ya msingi huko, ambaye sitamtaja jina, aliniletea hojaji ya utafiti wake ili niikague Kiswahili chake. Nilidhani kazi ile itanichukua saa moja. Ilinichukua juma zima, na mwisho wake nikaona yapasa niandike.

Rungwe si mgeni kwa wataalamu. Wamisionari wa Kimoravian walifika huko mwaka 1891, na mwaka huo huo walifika wale wa Misioni ya Berlin. Mmoja wa hao wa Berlin, Schumann, alichapisha sarufi ya lugha ya wenyeji mwaka 1899, akiiita kwa jina la Konde kama walivyokuwa wakiiita Wajerumani wa wakati ule. Kati ya 1934 na 1938 Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti wao miongoni mwa Wanyakyusa, na kitabu cha Monica Wilson kuhusu vijiji vya marika, *Good Company*, kilitoka mwaka 1951. Kamusi ya Knut Felberg ya Kinyakyusa, Kiingereza na Kiswahili ilitoka mwaka 1996. Na mwaka 2017 Bastian Persohn alichapisha kitabu juu ya kitenzi cha Kinyakyusa, kilichotokana na tasnifu yake ya udaktari ya Hamburg. Watu wote hawa walitoka mbali wakaja Rungwe. Mimi nami, ingawa ni mzaliwa wa nchi hii, niliufuata udaktari wangu ng'ambo, nikaandika habari za lugha za kwetu nikiwa mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuniambia kwamba sentensi fulani haisemwi. Mwalimu wetu wa Tukuyu yuko katika hali iliyo kinyume: chuo ndicho kilicho mbali, na watu anaowachunguza wako mlangoni pake.

Neno uzamivu latokana na kitenzi *zama*, yaani kwenda chini ya maji. Wengine huandika uzamifu, na viambishi vyote viwili, -vu na -fu, ni vya kawaida katika lugha yetu. Mfano uliomo ndani ya neno ni wa mzamia lulu, ambaye hushuka peke yake na kurudi na kitu mkononi. Mitaa ya bandarini, hata hivyo, imekwisha kulipa neno *kuzamia* maana nyingine, nayo ni kujificha katika meli ili kwenda Ulaya bila ya ruhusa. Nilipokuwa masomoni wenzangu walinitania kwa maana hii ya pili, na sikuwa na jibu zuri la kuwapa.

Wako wadhanio kwamba kusoma kwa masafa ni jambo lililozuka na kompyuta. Chuo Kikuu cha London kilianza kutoa shahada kwa watu waliosoma nje ya kuta zake tangu mwaka 1858. Makerere tangu 1949, na Dar es Salaam tangu 1961, walianza kwa kuwatayarisha wanafunzi kwa shahada za London hiyo hiyo. Katika Tanzania kazi kubwa zaidi ya namna hii ilifuata Azimio la Musoma la 1974, ilipoamuliwa kwamba kila mtoto aingie shule ya msingi na walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba walipelekwa vijijini kufundisha huku wakisoma ualimu kwa masomo ya posta, kwa redio, na kwa mikutano na wakufunzi waliowafuata huko huko. Walimu zaidi ya 35,000 walipatikana kwa njia hiyo. Ubora wao ulibishaniwa sana, na ubishi ule haujaisha katika vyumba vya walimu. Lakini wengi wa watu wazima wanaosoma makala haya walifundishwa kusoma na walimu wale.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikaanza kazi mwaka 1993, na wanafunzi wake wa kwanza waliandikishwa mwaka 1994, Profesa Geoffrey Mmari akiwa Makamu Mkuu wake wa kwanza. Jina hili limewasumbua watu. *Huria* ni hali ya kutofungwa, kama tusemavyo soko huria. Wako waliolisikia wakadhani kwamba masomo ni bure, wakashangaa walipoonyeshwa ada. *Masafa* nalo ni neno la njia ndefu, ambalo mafundi wa redio wamelichukua kwa maana yao. Kwa hayo ya kompyuta, Watanzania husema *mtandaoni*, na majirani zetu wa Kenya husema *mkondoni*. Napendelea la kwanza, kwa kuwa *tandaa* ni kitenzi tunachokijua sote.

Kutoka Dar es Salaam hadi Tukuyu ni safari ya kilomita 900 hivi kwa barabara, na mtu akishafika Mbeya bado ana mwendo wa kilomita 70 hivi wa kupanda na kushuka. Tangu waya wa SEACOM uliopita chini ya bahari ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, na mkongo wa taifa ulipoanza kusambazwa mikoani, umbali huo umekuwa mwepesi kwa yule anayetafuta kitabu au anayezungumza na msimamizi wake. Sisemi kwamba umekwisha. Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mwalimu wetu hupanga mazungumzo yake na chuo asubuhi mapema, kabla mawingu hayajashuka kutoka Mlima Rungwe na umeme haujaanza kuyumba.

Kabla sijaingia katika shina la maneno yangu, nitaje jambo moja ambalo limewaponza wengine. Kiswahili husema *uzamivu* kwa shahada mbili ambazo vyuo vya nje huzitenga: udaktari wa falsafa, ambao huishia katika tasnifu yenye kuongeza jambo jipya katika elimu, na udaktari wa elimu, ulioanzishwa Harvard katika miaka ya 1920 kwa ajili ya watu walio kazini. Programu za mtandaoni za uongozi wa elimu zitangazwazo na vyuo vya Marekani aghalabu ni za namna hii ya pili. Nayo ni shahada ya heshima. Lakini anayeitafuta ili apate kufundisha chuo kikuu yampasa aulize kwanza, kabla hajalipa, kama chuo hicho kinatambuliwa kwao, na kama Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ambayo ndiyo yenye mamlaka ya kutambua tuzo za nje, itaikubali.

Sasa nirudi kwenye hojaji. Swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Je, uongozi wa shule yako unasaidiaje kuinua ufaulu wa wanafunzi?" Kwa sarufi halina kosa. Lakini neno *uongozi* katika Kiswahili cha leo lina maana tatu zisizofanana. Kwanza ni kitendo cha kuongoza. Pili ni kipawa au ufundi wa kuongoza, kama tusemapo kwamba fulani ana uongozi. Tatu ni watu wenyewe walio madarakani, kama tusikiavyo kila siku kwamba "uongozi wa shule umeamua" au "uongozi umekataa". Mwalimu mmoja akilijibu swali lile atasema habari za mwalimu mkuu. Wa pili atasema habari za kamati ya shule. Wa tatu ataeleza namna ratiba inavyopangwa. Mtafiti atayajumlisha majibu yote, kisha atayatia katika Kiingereza kwa neno moja, *leadership*, ambalo lenyewe lina vitabu vingi vya kulitenga na jamaa zake. Tasnifu itapita, na hapana atakayejua kwamba jedwali lake limechanganya vitu vitatu.

Wala mkanganyo huu si wa mwalimu wetu peke yake. Chuo cha Bagamoyo kinachowafundisha wakuu wa shule huitwa Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu. Katika jina lake la Kiingereza mahali pa *uongozi* pana *management*, neno ambalo wengine wetu tungelifasiri usimamizi, na wengine menejimenti. Siwalaumu waliolitunga, kwa kuwa *usimamizi* lina udhaifu wake. Ni *simama* iliyotiwa kiambishi cha kutendea, yaani kusimama juu ya kazi ya mwingine. Na lugha hailikubali kwa maana ya watu, maana hapana asemaye "usimamizi umeamua". *Utawala*, lenye asili ya Kiarabu, laweza kuamua na kukataa, lakini lina harufu ya boma na ya amri. *Ongoza* ndilo neno jema kuliko yote, na ndiyo sababu limebebeshwa mizigo yote. Jamaa zake ni *ongoka* na *uongofu*, yaani kwenda katika njia iliyonyoka, hata dini zikayatwaa maneno hayo.

Huko Rungwe jambo hili lina upande mwingine. Shule ya msingi hufundisha kwa Kiswahili, lakini mkutano wa wazazi ukipamba moto husemwa Kinyakyusa. Katika lugha hiyo kuna *ukulongosya*, kuongoza, ambalo yaelekea ni la shina moja na *ongoza* letu, Kiswahili kikiwa kimeidondosha *l* ya mwanzo kama kilivyofanya katika maneno mengi. Lakini mzee wa Rungwe akitaka kueleza madaraka hana haja ya neno hilo peke yake. Ana *malafyale*, mtemi aliyezaliwa katika ukoo wa utemi. Na ana *amafumu*, wakubwa wa vijiji, ambao kwa desturi walichaguliwa miongoni mwa watu wasio wa ukoo huo. Katika sherehe ya *ubusoka*, iliyofanywa mara moja kwa kila kizazi, baba waliwaachia wana wao nchi, na wakubwa wapya wa vijiji wakawekwa. Utemi kama cheo cha serikali ulifutwa mwaka 1963, lakini maneno hayakufutwa. Mzazi akiulizwa kwa Kinyakyusa kama mwalimu mkuu anaongoza vizuri, kuna hatari kwamba ndani ya kichwa chake anapima kwanza kama mtu huyu ni wa namna ya malafyale, ambaye huletwa na hapingwi, au wa namna ya wale wengine, ambao huwa wenzi wa rika lao. Swali hilo ni bora kuliko lile la hojaji, na vitabu vya uongozi vya ng'ambo haviwezi kuliuliza.

Nilimshauri basi aligawe swali lake la kwanza kuwa matatu: mwalimu mkuu hufanya nini ili walimu wafundishe vizuri, kamati ya shule huamua mambo gani, na huyaamua vipi, na ni nani katika shule hii ambaye wenzake humfuata, awe na cheo au asiwe nacho. La tatu halina neno *uongozi* hata kidogo, nalo ndilo lililo karibu zaidi na maana waitakayo wasimamizi wake wa chuoni.

Lipo na neno la pili lililonitia shaka: *hoji*. Barua yake kwa walimu ilisema, "Naomba nikuhoji." Polisi huhoji, tume huhoji. Mwalimu wa kawaida akipokea barua hiyo kutoka kwa mkuu wake mwenyewe, ambaye ndiye apelekaye habari zake kwa Afisa Elimu Kata, atajibu kama mtu aliye mbele ya mthibiti ubora, kwa adabu na kwa uchache. Mtafiti aliye ng'ambo haimpati shida hii. Ugeni wake humpa uhuru ambao mwenyeji hana. Hii ndiyo gharama ya uzamivu wa nyumbani, nami naiona kuwa kubwa kuliko ile ya umeme unaokatika. Tulibadili maneno yakawa "naomba tuzungumze", na akakubali kwamba shule yake mwenyewe aiache, azungumze na walimu wa shule nyingine za wilaya ambako hana amri juu ya mtu. Msimamizi wake, aliye mbali, hakuwa ameliona jambo hilo, na sidhani kwamba angeweza kuliona, kwa kuwa barua aliyoletewa kuisoma ilikuwa imekwisha kufasiriwa kwa Kiingereza, na katika Kiingereza haikuwa na kosa.

Kwa sababu hiyo naona kwamba tasnifu ya namna hii, ikiandikwa kwa Kiingereza kutokana na mazungumzo ya Kiswahili na Kinyakyusa, haina budi kuwa na kiambatisho chenye maswali yote katika lugha yaliyoulizwa, pamoja na maelezo ya kila neno kubwa lililofasiriwa. Vyuo vingi hutaka hojaji iambatishwe. Vichache mno, kwa kadiri nilivyoona, hutaka ile iliyosomwa na wahojiwa wenyewe. Kurasa hizo sita au saba zingewafaa wanaotunga kamusi zetu kuliko sura nzima ya nadharia. Mwalimu wetu amekwisha kuziandika zake. Katika orodha yake ya Kinyakyusa bado ana maneno mawili ambayo wazee wa Tukuyu na wale wa upande wa Busokelo hawajakubaliana, na ameniandikia kwamba atawarudia baada ya mavuno ya chai.